Barua pepe za Kiarabu na Kiebrania hazisomeki: je, ni salama kuzihifadhi upya?

Mtunza Barua, Chumbageni, Tanga

Ndugu zangu, salaam. Wazee wa mtaa wetu wamenikabidhi kazi ya kuhifadhi barua pepe za marehemu mwalimu wetu, mtu aliyependa elimu ya maneno, ambaye kwa miaka mingi aliandikiana kwa Kiarabu na jamaa zake wa Maskati, na kwa Kiebrania na msomi mmoja wa Jerusalem, wakilinganisha mashina ya maneno ya lugha hizo mbili ndugu. Barua zote zimo katika kompyuta yake, lakini nyingi hazisomeki. Katika baadhi ya barua za Maskati neno la kwanza, ambalo bila shaka ni "السلام", linaonekana ÇáÓáÇã. Katika nyingine linaonekana Ø§Ù„Ø³Ù„Ø§Ù…, na katika chache herufi ni za Kiarabu kweli ila neno halina maana, kwani linatokea "افسفاك". Barua za Kiebrania zinasomeka herufi moja moja, lakini maneno yamegeuzwa, mwisho umekuwa mwanzo. Zipo pia tatu ambazo hazina kitu isipokuwa alama za kuuliza, mstari baada ya mstari.

Fundi mmoja amenishauri nifungue kila barua na kuihifadhi upya kwa UTF-8, usimbaji wa kisasa unaobeba herufi za lugha zote, ili yaishe. Mkono wangu umesita, kwa sababu maandishi haya hayana nakala nyingine na familia yake inayasubiri. Je, ushauri huo ni salama?

Fundi wa Ngamiani

Si salama. Kabla ya jambo lolote, nakili folda nzima ya barua kama ilivyo kwenye diski nyingine, kisha usiiguse nakala hiyo. Nitaeleza sababu kwa kirefu, maana nimewahi kuona kazi ya mtu ikipotea kwa njia hii hii.

Kompyuta haihifadhi alifu wala lamu. Huhifadhi namba ziitwazo baiti, na jedwali la usimbaji ndilo linaloeleza namba ipi ni herufi ipi. Kabla ya UTF-8 kuenea, Kiarabu kilikuwa na majedwali kadhaa yasiyopatana, na mawili kati yake ndiyo yanayokusumbua: windows-1256 ya Microsoft, na ISO-8859-6 ya shirika la viwango la kimataifa. Majedwali haya yanakubaliana kuanzia hamza mpaka dhadi, kisha yanaachana. Alifu ni C7 (baiti huandikwa kwa tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F) kote kuwili na sini ni D3 kote kuwili, lakini E1, ambayo katika windows-1256 ni lamu, katika ISO-8859-6 ni fe, na E3, ambayo kule ni mimu, huku ni kafu. Sasa litazame tena neno lako "افسفاك": alifu na sini zimesalimika mahali pake, kila lamu imekuwa fe, na mimu ya mwisho imekuwa kafu. Barua hiyo iliandikwa kwa windows-1256 ikabandikwa lebo, yaani maelezo ya jedwali la kuisomea, ya ISO-8859-6, na ukibadilisha lebo peke yake itasomeka yote.

ÇáÓáÇã ni baiti zilezile za windows-1256 zikisomwa kwa jedwali la lugha za Ulaya Magharibi. Programu nyingi za zamani ziliandika lebo ya ISO-8859-1 juu ya kila barua bila kujali lugha iliyomo, na vivinjari huisoma lebo hiyo kama windows-1252, jedwali la Microsoft la lugha hizo za Ulaya. Ama mistari iliyojaa Ø na Ù, hiyo ni UTF-8 halisi iliyosomwa vibaya, kwa sababu katika UTF-8 kila herufi ya Kiarabu huchukua baiti mbili, na baiti ya kwanza kwa kawaida ni D8 au D9.

Hatari ya kuhifadhi upya iko hapa. Programu inayoamini kwamba Ø ni Ø ya kweli itaigeuza kuwa baiti mbili mpya, na safari ijayo utaona Ã˜. Uharibifu wa namna hiyo bado unaweza kurudishwa nyuma, lakini si wote. Fe katika UTF-8 ni D9 81, na 81 ni nafasi tupu katika windows-1252, kwa hiyo programu nyingine huitupa. He ya "Muhammad" ni D8 AD, na AD ni kistari laini kisichoonekana kwenye skrini, ambacho hupotea kwa urahisi mtu anaponakili maandishi. Dhumma na kasra nazo zinaangukia kwenye nafasi tupu. Ndiyo maana ninasisitiza usinakili kutoka kwenye skrini hata siku moja. Fanya kazi na chanzo cha barua, yaani barua ghafi pamoja na mistari yake ya maelezo.

Fungua chanzo, utafute mstari wa Content-Type na neno charset. Ukiona mstari wa base64 au quoted-printable, maandishi yamefungwa ili yapite katika njia za barua zilizojengwa kwa biti 7, na lazima yafunguliwe kwanza. Kisha, katika faili la majaribio, tumia iconv, programu ya kubadilisha usimbaji:

iconv -f WINDOWS-1256 -t UTF-8 barua.txt > barua-mpya.txt

Mada ya barua ina lebo yake peke yake, kwa umbo la =?windows-1256?B?…?=, kwa hiyo usishangae mwili ukipona na mada ikabaki mgonjwa.

Kuhusu zile tatu zenye alama za kuuliza, nasikitika kukuambia kwamba kama chanzo chenyewe kina alama hizo, herufi zimekwisha kufutwa na seva au programu iliyozihamishia kwenye jedwali lisilokuwa nazo. Tafuta majibu ya Maskati yaliyonukuu barua hizo. Angalia pia kama barua ina sehemu mbili, ya maandishi matupu na ya HTML, kwani mara nyingine moja huharibika na ya pili ikabaki nzima.

Msomaji wa Bagamoyo

Naomba niongeze kuhusu Kiebrania, kwa kuwa tatizo lake ni la aina nyingine kabisa. Jedwali lako ni sahihi, kilichogeuka ni mpangilio.

Zamani mashine hazikujua kuandika kutoka kulia, hivyo waandishi wa Kiebrania walizihifadhi herufi kwa jinsi zinavyoonekana kwenye skrini zikihesabiwa kutoka kushoto. Mwongozo wa intaneti uitwao RFC 1555 wa mwaka 1993 uliuchukua mpangilio huo kuwa ndio wa kawaida kwa lebo ya ISO-8859-8, jedwali la Kiebrania, na mwongozo mwenzake, RFC 1556, ukaongeza lebo ya ISO-8859-8-I kwa maandishi yaliyohifadhiwa kwa mfuatano wa kusoma. Herufi moja tu, I, ndiyo inayotofautisha mambo haya mawili, na programu nyingi hazikuijali. Kivinjari cha leo kikisoma lebo isiyo na I kitaziacha herufi zilivyo, lakini ukizihamishia UTF-8, kanuni ya Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi ambayo UTF-8 huiandika, ya maandishi ya pande mbili itazigeuza.

Kipimo kizuri ni mimu ya mwisho. Kiebrania kina herufi tano zenye umbo maalumu la mwisho wa neno. "שלום" huishia na ם, na ukiiona ם mwanzoni mwa neno, mstari huo umegeuzwa. Katika kuurekebisha geuza kila mstari peke yake, wala usigeuze aya nzima, na uzirudishe tarakimu na maneno ya Kilatini kama zilivyokuwa, kwa sababu hizo husomwa kutoka kushoto hata ndani ya Kiebrania.

Mtunza Barua, Chumbageni, Tanga

Mungu awalipe. Nimenakili folda yote, na barua kumi na moja za Maskati zimesomeka leo, na ile ya kwanza nimemsomea mjane wake kwa sauti. Limebaki jambo moja. Mwalimu aliwatumia jamaa zake beti za Kiswahili kwa khati ya Kiarabu. Pe na che zimetoka vizuri, lakini katika maneno kadhaa kuna alama ya kuuliza katikati ya herufi nzima.

Fundi wa Ngamiani

Windows-1256 ina پ, چ na گ kwa sababu Kiajemi kinazihitaji, lakini haina ڤ ya "ve" wala ڠ ambayo baadhi ya waandishi wetu huitumia kwa "ng'". Unicode inazo zote. Programu yake ilipoihifadhi barua kwa jedwali lile, herufi hizo zilitupwa, na hakuna amri itakayozirudisha. Utazijaza kwa kusoma maana, nawe uwe mwangalifu: "?umilia" haina shaka, lakini "?aa" inaweza kuwa "vaa" na inaweza kuwa "ng'aa".

Mtunza Barua, Chumbageni, Tanga

Ni hiyo hiyo "?aa" iliyonishinda jana. Ubeti wenyewe unazitaja nyota juu ya bahari ya Raskazone, kwa hiyo nimeandika "ng'aa", na nimeitia ڠ ndani ya mabano ya mraba ili msomaji ajue kwamba herufi hiyo ni yangu, si ya mwalimu.