Dar usiku kutoka Kigamboni: kingo hazikati, madirisha yanaungua

Swali
Habari wakuu. Napiga maghorofa ya Posta na Kivukoni nikiwa ng'ambo, upande wa Kigamboni. Ni Juni, saa 2 usiku, tripodi, lenzi ya mm 18-55, f/22 (tundu la lenzi dogo sana), ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), sekunde 30. Anga linatoka jeusi tii, madirisha meupe pe, kingo za majengo laini. Lenzi ndiyo mbovu?

Jibu 1
Lenzi haina kosa, mkuu. Umechelewa. Juni jua la Dar huzama kama saa 12 na robo, na giza la huku huingia haraka. Dakika ya 15 hadi ya 25 baada ya jua kuzama, bluu ya anga na taa za maofisini hukaribiana nguvu, kamera ikavimudu vyote. Mwezi huo jua huzama kaskazini kidogo ya magharibi, yaani nyuma ya majengo yako kabisa. Fika mapema, panga fremu kungali na mwanga.

Halafu hiyo f/22: mwanga ukipenya tundu dogo hivyo hutawanyika, ndiyo maana kingo zimelegea. Rudi f/8 (tundu kubwa zaidi), ISO 100, RAW (faili ghafi). Anza sekunde 4, giza likizidi nenda 8, kisha 15.

Jibu 2
Naongezea. Zima kizuia mtikisiko cha lenzi. Juu ya tripodi mara nyingi chenyewe ndicho kinachotikisa. Nguzo ya kati usiipandishe, upepo wa bahari utaipata. Weka taima ya sekunde 2. Fokasi: kuza skrini mara 10 kwenye herufi za bango lenye taa, zungusha mpaka zikate, ibaki MF (fokasi ya mkono). Simama ardhini, si kwenye gati linaloelea.

Muulizaji
Asanteni sana. Madirisha yakiungua hata kwa f/8?

Jibu 1
Piga picha tatu bila kugusa tripodi: sekunde 1, 4 na 15, uunganishe kwenye kompyuta. Subiri pantoni lipite kwanza, la sivyo taa zake zitaacha mstari kwenye moja na nyingine hazina.

Jibu 3
Kama lenzi ina filta ya UV (kioo cha kinga cha mbele), ivue: usiku huleta vidoa vya kijani, taa zikionekana zimepinduka. Ukitoka kwenye gari lenye AC, acha kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa, kioo kisishike ukungu. Chumvi ya bahari ikishika lenzi usiifute kavu, itakwaruza: puliza kwanza. Na bandari au eneo la jeshi usilielekezee kamera bila ruhusa.