Nimelipia safari ya historia Mojave Road, nikapelekwa kwenye mbio za magari

Wakuu, heshima kwenu.

Nina hasira. Nilisubiri zipungue ndipo niandike, hazikupungua, kwa hiyo mnivumilie. Kuna kampuni ya kuongoza misafara ya jangwani, jina silitaji kwa kuwa madai yangu bado yanaendelea, imechukua pesa za watu kwa ahadi ya kuwapitisha Mojave Road, kule California, kituo kwa kituo, kwa maelezo ya historia na kupiga kambi njiani. Tulichopata ni msururu wa magari yanayokimbizana kwenye vumbi tangu Mto Colorado, na kiongozi anayefoka kwenye redio ya upepo kila mtu akipunguza mwendo.

Kwa asiyeijua njia hii: ina kama maili 138, yaani kilomita 220 hivi, kutoka Mto Colorado upande wa mashariki hadi Camp Cady, kambi ya zamani ya jeshi kando ya Mto Mojave. Haikuanza kwa ramani ya mhandisi yeyote. Ilikuwa njia ya miguu ya Wamojave, wenyeji wa huko, waliovuka jangwa kwenda kufanya biashara na watu wa pwani ya Pasifiki, na imepinda inavyopinda kwa sababu moja tu: maji. Chemchemi zake ni Piute, Rock Spring, Marl Springs, Soda Springs. Padri Francisco Garcés alipopita mwaka 1776 walimwongoza Wamojave wenyewe. Jedediah Smith, Mmarekani mtega wanyama wa manyoya, alipopita mwaka 1826 naye alionyeshwa njia na wenyeji. Jeshi la Marekani likajenga Fort Mojave mwaka 1859, kisha likaweka vituo vidogo vya kulinda barua na magari ya kukokotwa na nyumbu, na vituo hivyo viliwekwa palepale penye chemchemi, maana hapakuwa na mahali pengine pa kumweka askari akaishi.

Sasa mtu akikuuzia Mojave Road halafu akaziruka chemchemi, amekuuzia kitu gani? Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine yote nitakayoyasema. Ukiondoa maji, barabara hii haina maana yoyote, ni vumbi tu.

Tulianzia mtoni asubuhi. Hata hapo mtoni palikuwa na la kusema. Mwaka 1857 Edward Beale, aliyetumwa na serikali kupima njia ya magari ya kukokotwa, alifika kwenye mto huu na ngamia wa jeshi la Marekani, wanyama walioletwa kwa meli kujaribiwa kama wanaweza kubeba mizigo jangwani, pamoja na wachungaji wao, mmojawapo Hadji Ali ambaye Wamarekani walimwita Hi Jolly. Ngamia wale waliogelea wakavuka. Mnajua kiongozi wetu alisema nini pale? Alisema tushushe upepo wa tairi na tukae karibu karibu. Basi. Kushusha upepo ni sawa kabisa, tairi laini inatulia kwenye mchanga na haiichimbi njia, lakini nilidhani hiyo ni sehemu ya maandalizi, kumbe ndiyo ilikuwa hotuba nzima ya historia.

Fort Piute tuliiona kwa mbali. Narudia: tuliiona kwa mbali! Ngome ya mawe ya mwaka 1867, iliyojengwa kando ya kijito chenye maji, kitu adimu kupindukia katika jangwa lile, na juu ya kilima chake kuna mifereji iliyochongwa kwenye mwamba na magurudumu ya magari ya nyumbu. Miambani karibu na hapo kuna michoro ya watu waliokunywa maji yale kabla ya askari yeyote kuzaliwa. Yote hayo yalikuwa kwenye tangazo, na picha ya ukuta wa ngome ilikuwa ndiyo picha ya kwanza kabisa. Kiongozi akasema njia ya kuingilia ni mbovu, tutapoteza muda. Jamani, watu wamenunua matairi mapya, wamefunga winchi, wamekuja na magari ya 4x4 yenye kila kitu, halafu unawaambia njia ni mbovu? Hiyo njia mbovu ndiyo tuliyoifuata.

Rock Spring hivyo hivyo. Mama mmoja katika msafara aliomba kwa adabu tusimame, alitaka kuiona chemchemi na eneo la kambi ya askari. Akajibiwa redioni, wote tunasikia, kwamba ni mawe tu na hakuna cha kuona. Mtu mzima anajibiwa hivyo mbele ya wenzake, na amelipa. Yule mama hakusema tena neno hadi jioni.

Njia yenyewe ni nzuri ajabu, nisije nikaidhulumu. Bonde la Lanfair na miti yake ya Joshua, ile ya jangwani yenye majani makali kama visu, marundo madogo ya mawe yaliyowekwa na watu wa kujitolea ili mgeni asipotee. Kazi hiyo ilianza miaka ya 1980 kwa juhudi za Dennis Casebier na kundi la Friends of the Mojave Road. Reli ilipofika Needles, mji ulio kando ya Mto Colorado, mwaka 1883 njia hii ilikosa kazi, ikaachwa, na bila watu hao leo tusingekuwa na kitu cha kupita. Walitafuta kumbukumbu za jeshi, wakatembea, wakaweka alama. Sisi tukapita kwenye kazi yao kwa mwendo ambao hata rundo moja la mawe hukuweza kuliangalia vizuri, kwa vumbi la gari la mbele.

Tuje kambini.

Hifadhi ya Taifa ya Mojave, iliyoanzishwa mwaka 1994, ina masharti mepesi sana kwa anayepiga kambi kando ya njia. Tumia sehemu ambayo tayari ilishatumiwa. Kaa angalau yadi 200 kutoka kwenye chanzo cha maji, ili wanyama wapate kunywa usiku. Usitoke nje ya njia kwa gari. Usikate kuni. Hayo si masharti ya kumtesa mtu. Kiongozi wetu alifika kwenye uwanja uliokuwa umeshatumika, akauona mdogo, akageuza gari na kupanua uwanja kwa matairi juu ya vichaka, huku akituashiria tumfuate. Wachache tulikataa tukaegesha njiani. Tukaitwa waoga.

Kisha akashusha mbao za paleti akawasha moto juu ya mchanga, bila karai, na upepo unavuma. Nilimfuata nikamwambia. Eneo hili lina makovu mabichi. Agosti 2020 radi iliwasha moto wa Dome, ukateketeza zaidi ya ekari 43,000 kwenye mwinuko mpana uitwao Cima Dome na kuua miti ya Joshua inayokadiriwa kufikia milioni 1.3. Mwaka 2023 ukaja moto wa York, mkubwa zaidi ya huo, ukavuka hadi Nevada. Jangwa hili zamani halikuwa na tabia ya kuungua namna hiyo, maana kati ya mmea na mmea palikuwa na udongo mtupu. Sasa nyasi za kigeni zimejaza nafasi hizo, zikikauka zinaupokea moto na kuupeleka kutoka mti hadi mti. Nilimweleza yote hayo. Akanijibu kwamba moto ndiyo raha ya kambi na wateja wengine wanaupenda.

Asubuhi akafukia majivu kwa mguu. Paleti zina misumari, wakuu. Misumari haiungui. Atakayepiga kambi pale baada yetu atapata pancha, kilomita nyingi kutoka kwenye lami, bila mtandao wa simu. Tulibaki na dada mmoja tukichambua majivu kwa mikono huku magari mengine yakiwa yameshawashwa.

Na wakati wa kuondoka hakuna hata gari moja lililochunguzwa chini. Kila anayeingia jangwa lile huambiwa aangalie chini ya gari kabla ya kuliondoa, kwa sababu kobe wa jangwani hupenda kivuli cha gari. Ni kobe anayelindwa na sheria ya shirikisho ya Marekani tangu 1990. Hata kumbeba ovyo ni hatari kwake, akiogopa humwaga maji aliyoyahifadhi kwenye kibofu na anaweza kufa kwa kiu baadaye. Kiongozi anayelipwa hakulisema hilo hata mara moja. Nililitangaza mimi redioni, nikaambiwa nisizibe chaneli.

Sasa Soda Lake, na hapa ndipo alipotuhatarisha kabisa. Ni ziwa kavu, bondeni, mahali maji ya Mto Mojave yanapoishia miaka ya mvua nyingi. Likiwa kavu unapita vizuri. Mvua ikinyesha, juu panaweza kuonekana pamekauka na chini ni tope la chumvi linalomeza gari hadi kwenye ekseli. Mvua ilikuwa imenyesha siku chache kabla, kila mtu alijua. Na njia ya kuzunguka ipo, wala si siri: unashika lami ya Kelbaker hadi mji mdogo wa Baker, unaingia barabara kuu ya I-15, unarudi kwa Rasor Road. Mtu aliyekuwa na mbio tangu mwanzo akaona huko ni kuchelewa. Akaingia.

Gari la pili likazama. La nyuma yake likakwepa kwa kutoka nje ya njia, nalo likazama. Wengine wakatawanyika kulia na kushoto kutafuta pagumu, kila mmoja akichora mtaro wake mpya katikati ya uwanja mweupe. Kiongozi alikuwa na kamba moja ya kuvutia na hana simu ya setilaiti. Hana! Kampuni inayopeleka watu mahali pasipo na mawasiliano. Mzee mmoja alianza kuishiwa nguvu kwa kusukuma na koleo juani, na ndipo tukagundua kwamba maji ya akiba yaliyoahidiwa kwenye mkataba hayakuwepo, kila mtu anakunywa ya kwake. Ushauri wa kawaida ni galoni moja ya maji kwa mtu kwa siku, kama lita nne, na hapo hujabeba ya dharura.

Katikati ya ziwa lile kuna mnara wa mawe uliokua kwa mikono ya wasafiri, kila apitaye huongeza jiwe lake. Hatukuufikia. Tulitoka jioni, kwa msaada wa watu wengine waliokuwa wakisafiri upande wa pili na ambao, tofauti na sisi, walisimama ukingoni wakalipima tope kwa miguu. Mungu awabariki.

Afton Canyon tulipita gizani. Korongo ambalo mto unaosafiri chini ya mchanga unajitokeza juu, tukalipita gizani kwa taa.

Nimedai nusu ya pesa. Jibu la kampuni ni kwamba ratiba hubadilika kutokana na hali ya njia. Piute njia ilikuwa mbovu lakini inapitika. Rock Spring ilikuwa nzuri. Mahali pekee hali ilipokuwa ya hatari ndipo walipotulazimisha kupita. Wanijibu hilo.

NYONGEZA

Nimesoma michango. Mkuu mmoja ameandika kwamba jangwa ni mchanga, upepo ukivuma alama zinafutika, nisikuze mambo. Hapana mkuu, nakujibu kwa heshima lakini umekosea. Sehemu kubwa ya Mojave si mchanga wa kupeperuka. Ni udongo wenye ganda la juu, lililoshikwa na viumbe wadogo sana wanaochukua miongo kulijenga, na ganda hilo ndilo linalozuia vumbi na kushika mbegu. Kati ya 1942 na 1944 jeshi la Marekani lilifanya mafunzo ya vifaru katika jangwa hili, kwenye kituo alichokianzisha Jenerali Patton. Alama za minyororo ya vifaru hivyo zinaonekana hadi leo. Watoto waliozaliwa miaka ile ni wazee wa miaka themanini na zaidi, alama bado zipo. Basi fikiria tulichokiacha pale kambini.

Mwingine ameuliza kwa nini nisingeenda mwenyewe bila kampuni. Swali zuri. Usalama wa kwenda na gari zaidi ya moja, na mtu anayeijua njia, ndiyo sababu watu hulipa. Hakuna ubaya kulipa. Ubaya ni kuuziwa ujuzi ambao haupo.

Kwa anayetaka kuweka pesa yake kwenye safari ya namna hii, mtake kiongozi akuandikie ni vituo gani vya maji mtasimama na kwa muda gani, atafanya nini Soda Lake ikiwa na unyevu, ana chombo gani cha mawasiliano, na kama msafara ni mkubwa, akuonyeshe kibali cha hifadhi. Akikwepa hata moja, usilipe.

Picha za uwanja uliopanuliwa na za mitaro ya ziwani nimezipeleka kwa askari wa hifadhi, pamoja na mahali penyewe kwenye ramani. Yule mama wa Rock Spring na yule dada wa misumari wametia saini maelezo yao. Kampuni nimeipa hadi mwisho wa mwezi kurudisha pesa, baada ya hapo tunakwenda mahakama ya madai madogo. Majibu yakija nitayaweka hapahapa.