Ushauri: Gati la kupakilia na jamvi la malori, ghala lipo Uyole (Mbeya)

GhalaUyole:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijaanza kumwaga hela chini.

Ghala ni mita 15 kwa 30, mzigo ni mahindi na viazi. Nataka gati (jukwaa la kupakilia mizigo) mbele yake: urefu mita 12, upana mita 3, kimo mita 1.2. Mbele ya gati kuwe na jamvi (sakafu ya zege) la malori kusimama, mita 12 kwa 20. Magari ni Fuso na semi. Juu ya gati itatembea folklifti (gari la kunyanyulia mizigo) ya tani 3.

Pendekezo la fundi ni hili: ukuta wa gati tofali za inchi 6, ndani tujaze udongo uleule tutakaochimba, juu jamvi la sentimita 10. Upande wa malori jamvi la sentimita 15, nondo za mm 12 kila sentimita 20, zege limwagwe bila maungio yoyote ili lisiwe na sehemu dhaifu. Udongo wa hapa ni mwepesi, ukichimba unakutana na vile vijiwe vinavyoelea majini. Mpango huu utashika? Kama hautashika, nianze kubadilisha wapi?

KokotoNgumu:

Mkuu, anzia kwenye hivyo vijiwe, mambo ya nondo baadaye. Hayo ni majivu na mawe ya volkano ya huko Rungwe. Ukiyashindilia leo yanaonekana yametulia, lakini kila kijiwe kina matundu ndani. Gurudumu likipita mara elfu, vijiwe vinasagika, udongo unashuka na jamvi linabaki linaning'inia juu ya uwazi. Zege likining'inia linavunjika, hata uliweke nondo za kujengea daraja. Kwa hiyo usijazie gati kwa udongo huo, na usilaze jamvi la malori moja kwa moja juu yake.

Chimba hadi sentimita 65 chini ya usawa wa juu wa jamvi lililokamilika. Mwagia maji hapo chini na upitishe rola ya mtetemo mpaka isiache alama. Rudisha moramu (udongo wa changarawe) sentimita 30 kwa tabaka mbili za 15, kila tabaka ishindiliwe ikiwa na unyevu: ukiifinya mkononi ishikamane bila kutoa maji. Juu yake weka mchanganyiko wa kokoto na vumbi lake, sentimita 15, nao ushindiliwe. Halafu nailoni nzito, halafu zege la sentimita 20.

Chimba kwa kuzidisha nusu mita kila upande, maana tairi likikanyaga ukingo linasukuma udongo wa pembeni. Kwa eneo lako inakuja kama mita za ujazo 105 za moramu na 50 za kokoto za vumbi, zikiwa bado hazijashindiliwa.

Kuhusu unene, watu wengi huogopa semi na kudharau folklifti. Semi inagawa mzigo wake: ekseli mbili za pamoja hubeba tani 18 kisheria, zikiwa na matairi 8, yaani tani 2 na robo kwa tairi. Folklifti ya tani 3 yenyewe ina uzito wa zaidi ya tani 4. Ikishabeba mzigo, zaidi ya tani 6 zinakaa kwenye magurudumu mawili ya mbele, madogo na mara nyingi ya mpira mgumu usio na upepo. Ndiyo maana jamvi la sentimita 10 juu ya gati halifai kabisa. Weka 20, na ardhi ya ndani ya ghala itakapopita folklifti nayo ikaguliwe.

MsukaNondo:

Hilo la tofali nalo liondoe. Ukuta wa gati unasukumwa kutoka pande mbili: kifusi na folklifti kutoka ndani, semi inayorudi nyuma kutoka nje. Tofali za inchi 6 zitatoa tumbo msimu wa kwanza wa mvua.

Mwaga ukuta wa zege, unene sentimita 20, juu ya msingi wa upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 25. Nondo za kusimama mm 12 kila sentimita 20, za kulala mm 10 kila sentimita 20. Angalia hapa kwa makini: nondo za kusimama zikae upande wa KIFUSI, zifunikwe na zege sentimita 5. Ukuta ukisukumwa, upande wa kifusi ndio unaovutika. Mafundi wengi huzisuka katikati au upande wa nje, na nondo zote hizo zinakuwa hazina kazi. Mhandisi apitishe vipimo hivi baada ya kuona udongo wako, na utamhitaji pia kwa kibali cha ujenzi.

Nyuma ya ukuta weka kokoto tupu unene wa sentimita 30, na mabomba ya inchi 3 yapenye ukutani kila mita 1.5, juu kidogo ya usawa wa jamvi la malori. Uyole kuanzia Novemba hadi Aprili maji hayana huruma. Yakikosa njia yatausukuma ukuta kuliko kifusi chenyewe. Kujaza kifusi kuanze ukuta ukiwa na siku 14, tabaka za sentimita 15, kwa kompakta (mashine ya kushindilia) ya mkono. Rola kubwa isiusogelee ukuta.

Ukingo wa juu wa gati vika chuma cha pembe 75 kwa 75 kwa 6, kilichochomelewa vipande vya nondo mm 12 vya kung'ata zege kila sentimita 30. Kabla ya kumwaga, toboa matundu ya mm 20 kwenye bapa la juu la chuma hicho. Usipotoboa, hewa inabanwa chini yake, zege halifiki, na ukigonga na nyundo unasikia uwazi. Folklifti ikipita hapo chuma kinacheza, mwisho kinang'oka na zege lake. Upande wa nje funga mipira ya kupokea semi, itokeze sentimita 10.

Mdau_Makambako:

Kwa nini asichimbe shimo malori yashuke, gati likawa usawa wa ghala? Anaokoa kifusi chote hicho.

MsukaNondo:

@Mdau_Makambako ndugu yangu, maji ya shimo hilo atayapeleka wapi? Bila mteremko wa asili wa kuyapeleka atahitaji pampu kila mvua ikinyesha, na umeme ukikatika semi zinasimama kwenye bwawa. Gati la kuinua ni salama zaidi kwake. Jamvi la malori literemke kutoka ukutani kwa asilimia 1.5, yaani sentimita 30 kwa mita zake 20, na juu ya gati kuwe na sentimita 3 za kuelekea nje maji yasiingie ghalani.

Kimo cha mita 1.2 ni cha katikati. Pima kwa futi kamba magari yanayokuja kwako, yakiwa matupu na yakiwa yamejaa, maana springi hushuka. Bodi ya Fuso mara nyingi iko chini ya 1.2 na ya semi iko juu yake. Tofauti ya sentimita 20 inataka bamba la chuma la kuvukia lenye urefu wa mita 2, folklifti isikwangue tumbo.

MkataZege:

Nakuja kwenye maungio, kwa sababu hapo fundi amekosea sana. Zege likikauka linasinyaa, upende usipende. Usipolichagulia mahali pa kukatika litachagua lenyewe, tena kwenye kona na katikati ya njia ya tairi.

Gawa mita 12 ziwe mistari mitatu ya mita 4. Mwaga mstari wa kwanza na wa tatu, wa katikati ufuate baadaye. Kati ya mistari weka vyuma laini vya mm 25, urefu sentimita 50, kila sentimita 30, katikati ya unene wa zege. Ni kama vipande 130. Nusu ya kila kipande ipakwe grisi ili zege liteleze likisinyaa, huku mzigo ukivuka kwenda upande wa pili. Vikilazwa upande upande vinalifunga zege na ufa unatokea pembeni yake, kwa hiyo vipimwe kwa kamba.

Kisha kata kwa mashine kila mita 4, kina sentimita 5. Muda wa kukata hauangaliwi kwenye saa peke yake. Jaribu kidogo: msumeno uking'oa kokoto, subiri, ukiacha mstari safi, endelea usiku huohuo. Ukisubiri mpaka kesho mchana, nyufa zimeshakutangulia.

Badala ya nondo za mm 12, wavu wa BRC A252 (wavu wa chuma uliochomelewa tayari) unatosha. Kazi yake ni kubana nyufa, siyo kubeba lori. Ukae sentimita 6 hadi 7 kutoka JUU, juu ya viti vya nondo, msumeno usiufikie. Ile ya kulaza wavu chini na kuahidi kuuvuta kwa ndoano wakati wa kumwaga haifanyiki, watu wanaukanyaga unabaki kwenye nailoni.

Kati ya jamvi na ukuta wa gati, na kuzunguka kila nguzo, weka ubao laini wa mm 12. Jamvi lisishikane na kitu kinachosimama.

GhalaUyole:

Wakuu, mmenifungua macho. Ndaga fijo (asanteni sana). Mawili yamebaki: simenti mifuko mingapi kwa jamvi la malori, na je, naweza kumwaga Julai?

KokotoNgumu:

Zege ni 12 × 20 × 0.2, mita za ujazo 48. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (simenti, mchanga, kokoto) ni mifuko 8 kwa kila mita, jumla 384, ongeza 15 ya kupotea. Chukua simenti ya nguvu ya 42.5. Soma pia herufi za mfuko: kwenye aina za simenti za CEM II au CEM IV, P maana yake kuna majivu ya volkano ndani. Ni simenti nzuri, ila inapata nguvu taratibu, na baridi inaichelewesha zaidi.

Mstari mmoja ni mita za ujazo 16, mifuko 128. Mikisa (mashine ya kuchanganyia zege) moja ya mfuko mmoja, dakika 5 kila mzunguko, ni zaidi ya saa 10. Kodisha mbili. Pima mchanga na kokoto kwa boksi la lita 35, siyo kwa sepetu. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa punguza lita 4. Vijana wakilalamika kwamba zege ni gumu kusukuma, waongezee vibreta (mashine za kutetemesha zege), siyo maji. Kokoto ziwe za mawe magumu. Kijiwe cha kuelea kikiingia humo kitasagika juu ya uso.

Julai inawezekana, lakini usiku wa Uyole ni baridi kali. Anza saa 3 asubuhi, malizia mapema, usiku funika kwa nailoni na magunia. Maji yakipanda juu ya zege, yaache yaondoke yenyewe. Fundi asinyunyize simenti kavu ili awahi kulainisha: hilo tabaka hubanduka kama maganda ya kitunguu. Malizia kwa ufagio tairi zipate kushika. Magunia yabaki yamelowa siku 14.

Chukua vipande vya zege vya kupima nguvu, vya sentimita 15, vingine vivunjwe siku ya 7 na vingine ya 28. Ulizia maabara pale MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), Iyunga. Semi isiingie kabla ya siku 28. Na tela likiachwa bila kichwa, chini ya miguu yake weka mabamba ya chuma, maana mzigo wote wa mbele unakaa kwenye nyayo mbili ndogo.