Tupeane uzoefu: nini kilikufanya urudi hoteli ileile, au usikanyage tena?

Wakuu, habari za jioni. Mimi nauza vifaa vya maabara, mwezi hauishi sijalala Dodoma. Tangu treni ya SGR ianze 2024 unaweza kutoka Dar na kurudi siku hiyohiyo, lakini mimi bado nalala, tena loji moja tu.

Mara ya kwanza nilifika usiku, nikajaza lile daftari (jina, kabila, utokako, uendako), nikalipa 40,000. Saa kumi na moja alfajiri nafungua bomba, hita imekufa. Baridi ya Dodoma mwezi wa saba mnaijua. Nikatoka na taulo kiunoni, nimejiandaa kugomba. Dada wa mapokezi hakubisha wala hakusema "fundi atakuja". Alisema, "Samahani kaka, nipe dakika kumi," akachemsha maji kwenye jiko la gesi, akaniletea ndoo mlangoni. Naondoka, akanirudishia 5,000. Miezi miwili baadaye narudi, hata jina sijataja: "Karibu tena kaka, ile hita tumebadilisha." Mwaka wa nne huu.

Nimelala pia hoteli ya 150,000, vigae unajiona sura. Mtu wa mapokezi alinisimamisha mpaka amalize maongezi yake ya simu. Sikurudi. Nyie je?

Mama wa Mombasa: Yangu ya Desemba. Nilishika chumba kwa simu, pesa yote nikatuma kwa M-Pesa. Twafika usiku na watoto, chumba kapewa mgeni mwingine. "Ngoja tuone." Pesa ilirudi siku ya tatu. Wapishi wao hodari, sikatai, lakini hata biriani yao siitaki tena.

Dereva wa Tunduma: Mnadeka. Mimi natafuta pa kuegesha lori na mlinzi asiyelala. Shuka safi ni nyongeza.

Mhudumu mstaafu: Dereva, hata hiyo ni huduma mkuu, wewe umechagua unachokijali. Chuoni tulifundishwa SERVQUAL, kipimo cha ubora wa huduma cha watafiti Parasuraman, Zeithaml na Berry cha 1988. Kina nguzo tano: kutimiza ulichoahidi, wepesi wa kuitikia, kumpa mgeni imani, kumjali yeye kama yeye, na vitu vinavyoonekana kwa macho. Sasa angalieni wenye hoteli wanavyomwaga pesa kwenye hiyo ya mwisho, vigae na mapazia.

Ila msiwalaumu sana wa mapokezi. Nilipofanya kazi mimi, hatukuruhusiwa kumpunguzia mgeni hata 2,000 bila meneja, na meneja saa nne usiku simu kazima. Umeme wa LUKU ukiisha saa nane, mgeni anakutukana, na wewe huna hela ya kununua tokeni wala ruhusa ya kumhamisha chumba. Unabaki na "samahani". Huyo dada aliyerudisha 5,000, ujue kuna bosi aliyemwachia nafasi hiyo. Au alitoa mfukoni mwake.

Mgeni wa Iringa: Mleta mada, taja basi hiyo loji, nina safari ya Dodoma.

Mleta mada: Nakuja PM. Ila mhudumu mstaafu kanifikirisha, sikuwahi kuuliza ile 5,000 ilikuwa ya nani. Na yule dada aliacha kazi mwezi wa tatu. Jumatatu nakwenda kwa mara ya kwanza akiwa hayupo.