Tupeane uzoefu: mtoto ana Crohn, nyie mliamuaje matibabu?

Mama Kitinda:
Habari zenu wapendwa. Wenye watoto wenye ugonjwa sugu wa utumbo naomba tukae hapa kidogo. Kijana wangu ana miaka 11, kaharisha na kulia tumbo karibu mwaka mzima, tumepewa dawa za minyoo mpaka basi, juzi kapimwa kwa kamera ndo wakasema ni Crohn, yaani kinga ya mwili inauvimbisha utumbo wenyewe. Kilo zimeshuka na mdogo wake kashamfikia kimo. Dokta kanipa njia tatu, anywe maziwa maalum tu wiki 6 mpaka 8 bila chakula kingine, au aanze steroidi za kushusha uvimbe, au twende moja kwa moja kwenye dripu za infliksimabu, dawa ya kuzuia kinga isiushambulie utumbo. Kanipa na makaratasi, nimesoma nikafika kwenye neno saratani nikayafunga. Nyie mlipimaje? Msiniambie niombe Mungu, kuomba naomba, nataka mlichofanya nyumbani kwenu.

Chupa Sita:
Pole sana mama. Sisi tulienda na maziwa, binti alikuwa na miaka 9. Siku tatu za kwanza usiombe. Analia njaa, mimi nalia chooni, na kosa langu tuliendelea kula mezani mbele yake, baadaye ndo tukawa tunakula kwa zamu yeye akiwa nje. Wiki ya pili akayagoma kabisa wakamwekea mpira wa puani, mimi naona ukatili, kumbe mwenyewe anasema afadhali mpira, hausikii ladha. Wiki ya tatu tumbo likatulia akaanza kuruka ruka tena. Ila mjue maziwa yanatuliza tu, ugonjwa unaweza kurudi, ndo maana walimuanzishia azathioprini, vidonge vya kupunguza kinga ya mwili, humo humo, inachukua kama miezi miwili mitatu mpaka ishike. Kabla ya kuanza walimpima damu waone kama mwili wake unaweza kuivunja hiyo dawa, na mpaka leo tunapima mara kwa mara chembe nyeupe na ini.

Baba Mkimya:
Mimi nitasema nilipokosea. Niliogopa dripu nikang'ang'ania prednisoloni, hizo steroidi za vidonge, nikajiambia vidonge si vimezoeleka. Wiki ya kwanza tu dogo anakula, anacheka, nikajiona mjanja. Baada ya hapo uso ukawa mviringo, hasira za ajabu, shuleni wanamtania, na kila dozi ikishushwa tumbo linarudi basi tunapandisha tena, ikafika miezi 8 hajaongezeka hata sentimita moja. Na hapo huwezi kujua kinachomdumaza ni steroidi au ni ugonjwa, maana vyote viwili vinadumaza. Dokta wa pili ndo akaniambia, mzee, wewe unaogopa dripu kwa sababu unailinganisha na mtoto mzima wa afya, huyo huna, linganisha na utumbo unaobana na kutoboka. Nilinyamaza.

Tukaanza infliksimabu, ya kwanza, halafu wiki ya 2, ya 6, kisha kila baada ya wiki 8. Kabla yake alipimwa TB na homa ya ini B, na chanjo, zile zenye virusi hai zikaangaliwa mapema maana ukishaanza hazitolewi. Hiyo saratani uliyosoma ni nadra sana, ila kwa mtoto wa kiume uliza wazi kuhusu kuchanganya azathioprini na dripu hizi kwa muda mrefu, usione aibu. Na usiamini macho tu, wa kwangu alikuwa anacheza mpira huku kipimo cha kinyesi kinachoonyesha uvimbe wa utumbo, kalprotektini, kiko juu.

Nyota:
Naongezea kidogo, wa kwangu ana kolaitisi ya vidonda, ndugu yake Crohn ila huu unakaa utumbo mkubwa, huko hayo maziwa peke yake hayatibu, tulianza na mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Msinakiliane tu kwa sababu wote wanaharisha.

Niliyekuwa Mtoto:
Mama Kitinda, mimi nilikuwa huyo kijana. Nikiwa na 14 walinikata kipande pale utumbo mdogo unapoungana na mkubwa. Nyumbani wakalia kama msiba, mimi nilikula nikashiba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Ugonjwa ulirudi baadaye palepale kwenye kiungio, sasa najichoma sindano ya adalimumabu, ya jamii moja na infliksimabu, mwenyewe pajani kila wiki mbili. Kilichoniuma ni kwamba walijadili utumbo wangu mbele yangu na hakuna aliyeniuliza. Mimi sindano sikuziogopa, nilichoogopa ni kuomba ruhusa ya choo mara tano kwenye kipindi kimoja. Muulize.

Mama Kitinda:
Asanteni jamani, nimesoma yote mara mbili. Nimemuuliza jana usiku. Kasema uso uvimbe hataki, wenzake watamcheka, dripu sawa tu ikibidi, ila anataka ajaribu maziwa kwanza na tusipike mlango wazi. Nikabaki mdomo wazi, kumbe alikuwa anasikiliza siku zote. Dokta nae hakupinga, kasema damu na TB tupime sasa hivi ili maziwa yakigoma tusianze kusubiri majibu. Chupa Sita, ladha gani ilimshinda binti yako?

Chupa Sita:
Zote 😂 Yaweke kwenye friji yawe baridi kabisa, anywe kwa mrija, kikombe chenye kifuniko asisikie harufu.