Tanga kikazi wiki mbili kila mwezi: mazoezi nayashikiliaje?

MkaguziWaMeru
Wakuu, habari za leo. Natoka Arusha kwenda Tanga kikazi, wiki mbili kila mwezi, nafikia gesti ya kawaida isiyo na jimu. Nyumbani nakimbia siku tatu na kunyanyua vyuma siku mbili. Tanga, kwa kasi ileile, dakika kumi tu moyo unadunda kupita kiasi. Nipunguze nini, na vyuma niviwekee nini badala yake?

AlfajiriRaskazone
Mkuu, pumzi yako haina kosa, kosa ni la unyevu. Mwili hupoa jasho linapokauka. Tanga hewa imeshiba maji, jasho linachuruzika tu, na moyo unalazimika kupeleka damu kwenye misuli na kwenye ngozi kwa wakati mmoja. Kuzoea joto huchukua siku 7 hadi 14, yaani ukianza kuzoea ndio unapanda basi kurudi, na huko kwenye baridi mazoea yanafifia. Kwa hiyo kila safari ianze upya. Siku nne za kwanza kimbia nusu ya muda wako wa kawaida, kwa mwendo unaokuruhusu kutamka sentensi nzima bila kukatika. Fuata saa, kilomita ziache: dakika 12 kwenda, 12 kurudi.

Anzia Jamhuri Park, pita Bombo, elekea Raskazone. Kaa kulia mwa barabara ili magari na bodaboda uzione zinakuja. Fulana ya pamba ikilowa inakwangua, paka mafuta ya mgando kwapani na mapajani kabla ya kutoka.

Siku ya kufika usikimbie. Baada ya zaidi ya kilomita 400 kwenye kiti miguu imevimba na nyonga zimekaza. Tembea dakika 20, inatosha.

KitengeNaBegi
Kuhusu vyuma: kulinda nguvu uliyonayo kunahitaji kazi ndogo kuliko kuijenga, mradi kila seti iwe ngumu kweli. Siku mbili kwa wiki, dakika 25. Pushapu miguu ikiwa juu ya kitanda, skwati ya mguu mmoja ule wa nyuma ukiwa kitandani, planki. Seti tatu tatu. Kushuka hesabu hadi tatu, kupanda kawaida. Ukimaliza seti huku unaona ungeweza kumi nyingine, hujafanya kitu. Punguza kasi ya kushuka au ongeza uzito.

Mgongo ndio watu wengi wanausahau, kwa sababu chumbani hakuna cha kuvuta. Chukua kitenge, piga fundo nene kama ngumi kwenye ncha moja, lipitishe juu ya mlango wa bafu, kisha ufunge. Fundo libaki bafuni, wewe uwe chumbani. Mlango lazima uwe unafungukia bafuni, ili ukivuta uubane kwenye fremu. Ukifungukia upande wako, kinachokushikilia ni kitasa peke yake, na kikiachia unaanguka chali. Kagua bawaba na fremu kwanza, mbao za pwani huliwa na mchwa. Kisha sogeza miguu karibu na mlango, lala nyuma, vuta mara 10.

BintiChumbageni
Naongeza la maji. Kaka, kunywa kama nusu lita kabla ya kutoka. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea asubuhi, siku hiyo tembea tu. Kwa dakika 25 hadi 40 maji matupu na chumvi iliyomo kwenye milo yako vinatosha, ORS iwekee siku ya kuharisha. Na usishawishike kukimbia ufukweni: mchanga wenye mteremko unaulaza mguu mmoja chini kuliko mwenzake, goti au kifundo kinaanza kuuma.

MkaguziWaMeru
Shukrani sana. Mlango wa bafu langu unafungukia chumbani.

KitengeNaBegi
Basi mlango uache kabisa. Tia chupa sita za maji za lita 1.5 kwenye begi la mgongoni, hiyo ni kilo 9. Mkono wa kushoto na goti la kushoto juu ya kitanda, mgongo ulale sawa kama meza, vuta begi kwa mkono wa kulia hadi kiunoni, kiwiko kikipita karibu na mbavu. Mara 15 hadi 20, kisha badili upande. Chupa zifunge kwa taulo zisicheze ndani, begi likiyumba kiuno kinajipinda.