Windows kuja na antivairasi yake ndani ya apdeti, kisheria imekaaje?

mzee_wa_makoroboi
Wakuu habari za jioni. Nina kaduka ka kompyuta hapa mjini Mwanza. Zamani kadi za antivairasi zilikuwa zinatoka vizuri tu, mtu akichukua laptopu anabeba na kadi ya mwaka, siku hizi ukimwonyesha anakwambia "mbona ipo humo ndani bro". Na kweli ipo. Sasa swali langu, mwenye Windows ndo mwenye apdeti, halafu humo humo anapitisha na antivairasi yake, kina Kaspersky na Avast wanaouza antivairasi wanashindanaje hapo? Au kwa vile ni ya bure basi hakuna kesi?

fundi_buzuruga
Mkuu pole na biashara ila mimi nipo upande wa mteja. Njoo ukae steshenari yoyote karibu na chuo msimu wa kuprinti risechi uone flashi zinavyokuja, dogo anachomeka folda zote zimegeuka shotikati, risechi haionekani kumbe imefichwa tu, jasho linamtoka na supavaiza anamsubiri. Defender, hiyo antivairasi ya Windows yenyewe, ikiwa imewashwa inaidaka hapo hapo. Sasa huyu umwambie akanunue kadi kwanza? Na tusidanganyane, wengi hata hizo kadi walikuwa hawanunui, walikuwa wanaweka za kukreki, yaani unaweka vairasi ili uzuie vairasi 😂

binti_ukerewe
Fundi umesema kweli ila kaka kauliza kingine. Shida sio bure, shida ni mwenye kivuko kuanza kugawa chai ndani ya kivuko wakati mama ntilie wote wako gatini.

Na haya malalamiko sio ya leo. Mwaka 2010 Microsoft walianza kupitisha Security Essentials, antivairasi yao ya bure ya kipindi hicho, kwenye apdeti zao kwa mashine ambazo hazina antivairasi, kampuni za antivairasi Trend Micro na Panda wakapiga kelele. Utetezi ukawa kwamba haimgusi mwenye antivairasi tayari, na mtu anaweza kuikataa. Hapo mimi naona walikuwa na hoja. Ila Windows 8 ilipotoka 2012 Defender ikawa imo ndani kabisa, hakuna cha kukubali wala kukataa.

Kesi nzito ni ya Kaspersky. 2016 walienda mamlaka ya ushindani ya Urusi, 2017 wakaenda Tume ya Ulaya na mamlaka ya ushindani ya Ujerumani, wakidai ukihamia Windows 10 antivairasi yao inaweza kuondolewa Defender ikakaa mahali pake, na kwamba wanapewa muda mdogo sana kujaribu programu yao kabla toleo jipya halijatoka. Microsoft wakakubali kuongeza muda, na kuruhusu kampuni ziweke tangazo lao wenyewe leseni ikikaribia kuisha, Kaspersky wakafuta malalamiko Agosti 2017. Kwa hiyo hukumu hakuna, walimalizana.

Ulaya walishawahi kuwapiga faini ya yuro milioni 497 mwaka 2004, moja ya makosa ilikuwa kubandika Media Player, programu yao ya kuchezea muziki na video, kwenye Windows. Ndo maana kwenye antivairasi wanatembea kwa tahadhari.

mzee_wa_makoroboi
Asante sana dada, umenifungua. Na hapa kwetu je?

binti_ukerewe
Ipo Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani, FCC. Ukishika sehemu kubwa ya soko na unaweza kulibana peke yako unahesabika una nguvu, lakini kuwa na nguvu sio kosa, kosa ni kuitumia vibaya kuua ushindani. Kuthibitisha hilo kwa kitu cha bure ambacho mteja anakipenda, wakili wako atakula hela mpaka uuze hilo duka.

nyegezi_juu
Mi kinachonitisha ni kingine, kila mtu akiwa na antivairasi moja basi anayetengeneza vairasi ana mtihani mmoja tu wa kufaulu. Kina Panda walilisema hili toka kipindi kile wakaonekana wana wivu wa biashara.

fundi_buzuruga
Hapo nakubali. Ila jamani nusu ya mashine zinazoletwa kwangu apdeti zimezimwa zisile bando, Defender yenyewe ina orodha ya vairasi ya mwaka juzi. Mzee wa Makoroboi badala ya kadi anza kuchaji buku mbili uwaapdetie watu kwa waifai ya dukani, nakuhakikishia watapanga foleni.

mzee_wa_makoroboi
Buku mbili na lile faili lilivyo kubwa? Tatu.